Tundu la Msumari

Mabati ya nyumba ya bibi yangu, Ngamiani mjini Tanga, yalikuwa yamekwisha kuezeka nyumba ya mtu mwingine kabla ya kufika kwake. Misumari ya mwanzo ilikuwa imeng'olewa, na kila palipong'olewa msumari palibaki tundu. Fundi alijitahidi kuyapanga ili matundu yaangukie juu ya mbao, mengine akayaziba kwa lami, lakini machache yalimponyoka, na moja kati ya hayo lilikuwa juu ya chumba alicholala bibi, ambacho mimi nami nililala kila likizo. Kiangazi kilipoingia, jua lilishuka kwa tundu hilo kila siku ya Mungu. Asubuhi lilikuwa doa lenye umbo la yai kwenye ukuta wa magharibi, juu ya kanga zilizotundikwa. Kufikia adhuhuri lilikuwa limeteremka sakafuni, karibu na mtungi wa maji, nalo limekuwa duara kamili. Alasiri likaanza kuupanda ukuta wa mashariki taratibu kama kinyonga, mpaka likachujuka na kupotea. Lilipokuwa sakafuni, upana wake ulilingana na ile shilingi ya zamani, nzito, yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Najua kwa sababu siku moja niliilaza shilingi mahali pale, mwenge ukitazama juu, na kwa muda wa dakika mbili hivi mwenge ule uliwaka kweli, kabla jua halijateleza na kuuacha.

Tundu lenyewe halikuwa duara. Nililiona kwa karibu mwaka ambao fundi alikuja na ngazi kurekebisha kenchi, akaniruhusu kupanda. Lilikuwa mpasuko wenye pembe, kingo zake zimekunjamana na kushika kutu, kama mdomo wa mtu anayenuna. Nikashuka nikatazama sakafuni: duara safi, lisilo na kovu. Jambo hilo lilinikaa moyoni miaka mingi. Vipi kitu kilichopita kwenye mpasuko mbaya namna ile kitoke upande wa pili kikiwa kizima na kizuri? Nilimuuliza bibi. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho. "Jua ni duara, mwanangu," akasema, "halibadiliki kwa ajili ya bati." Nilidhani amenijibu tu ili ninyamaze. Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Kila sehemu ya jua hupenya tunduni kwa njia yake iliyonyooka, ya juu ikienda chini, ya kulia ikienda kushoto, na miale hiyo ikifika sakafuni haichori tundu, inachora jua. Ukichukua umbali wa kutoka paani hadi sakafuni ukaugawa kwa mia na kitu, unapata upana wa duara. Paa la mita tatu hukupa jua la karibu sentimita tatu. Kwa hiyo kile nilichokuwa nikikitazama karibu na mtungi, tangu mwanzo, kilikuwa picha. Nilikulia chini ya picha ya jua nikidhani ni doa.

Ijumaa asubuhi bibi alifukiza nguo. Aliweka chetezo chini, makaa mekundu, kipande cha udi na punje za ubani, akafunikia tenga, na juu ya tenga akatandaza kanzu ya babu na kanga zake mwenyewe. Moshi ulipenya kwenye nguo ukapanda. Ulipofika njiani mwa jua, ghafla palisimama nguzo: imara, imeinama kidogo, imeanzia kwenye bati na kuishia ukutani. Ndani yake moshi ulijizungusha kama tui linapomiminwa kwenye mchuzi. Nikipitisha mkono, nguzo ilikatika, nikiuondoa, ikaunga. Kisha moshi ukapungua, nguzo ikafifia, likabaki doa peke yake ukutani, ilhali nilijua vyema kwamba kati ya doa na tundu jua lilikuwa bado linapita, kama lilivyokuwa likipita kabla ya chetezo kuwashwa. Mwanga huwezi kuuona njiani. Unauona pale tu unapogonga kitu: vumbi, moshi, ukuta, uso wa mtu. Hewa isiyo na chembe ndani yake haituonyeshi chochote. Tangu hapo, nikisikia mtu anasema mchoro fulani au shairi fulani "lina hewa yake", huwa nafikiria moshi ule wa udi, kwa maana hewa anayoisifu ndiyo iliyoupa mwanga mahali pa kushika.

Lugha yetu imelitunza jambo hili kwa njia ya ajabu. Mwanga ni nuru. Na mwanga, neno lile lile kwa sikio, ni mchawi wa usiku, yule anayewanga wakati wenziwe wamelala. Nilipokaa chumbani bila kuwasha koroboi, bibi alinigombeza: "Mbona umejikalia gizani kama mwanga?" Wanaisimu watasema ni maneno mawili yaliyokutana tu, na huenda wana haki. Lakini mtoto hajui isimu. Nilikua nikiamini kwamba nuru na mambo ya usiku yana jina moja kwa sababu yanajuana, na sijaona bado sababu ya kuacha imani hiyo. Tazama pia neno kivuli. Kivuli ni pumziko la msafiri chini ya mwembe. Kivuli ni mfuasi wetu mweusi ardhini. Na ukienda kwenye kibanda cha mashine mjini ukitaka nakala ya cheti chako, unaomba utolewe kivuli. Nakala kivuli, ndivyo zinavyosema hata fomu za serikali. Watu walioipokea mashine ile hawakuhangaika kutafuta neno. Waliona karatasi, mwanga unapita, na alama nyeusi zinabaki, wakasema: hiki ni kivuli. Kwa neno moja walieleza namna picha inavyozaliwa.

Mchana wa joto, baada ya chakula, madirisha ya chumba kile yalifungwa. Yalikuwa ya mbao, bila kioo, na kwenye ubao mmoja kulikuwa na jicho la mti lililodondoka, likaacha tundu dogo kuliko ncha ya kidole changu. Macho hayana pazia, wahenga walisema. Kwa hiyo nyumba ndiyo iliyowekewa pazia kwa ajili yake. Bibi alilala. Mimi nililala chali nikingoja macho yazoee giza, na yalipozoea, ukuta wa mbele ulianza kutembea. Kwanza bluu hafifu upande wa chini, ambayo nilikuja kuitambua kuwa ni mbingu. Kisha juu, karibu na paa, mstari wa kahawia ambao ulikuwa barabara. Na kwenye barabara ile, vichwa chini, miguu juu, watu wakipita: mwanamke mwenye kanga nyekundu na ndoo, mtu wa baiskeli, watoto wawili wakikimbizana. Hawakutoa sauti, sauti zao zilikuja kwa njia nyingine, kupitia dirishani, zikachelewa au zikatangulia. Nilimtambua muuza kashata kwa mwendo wake kabla sijasikia anavyonadi. Sikumwambia mtu. Nilihisi kwamba nimepewa siri, na siri hiyo niliielewa kwa kadiri ya umri wangu: mtaa wenye jua kali nilikuwa nimeutembea mara elfu bila kuuona, na sasa, kwa kuwa umelazimika kupita kwenye tundu na kuingia gizani, kila rangi yake ilikuwa na uzito.

Mtu aliyeandika juu ya chumba kama kile kwa undani kuliko waliomtangulia alizaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufia Cairo karibu mwaka 1040. Ibn al-Haytham, katika Kitab al-Manazir, alionyesha kwamba macho hayatoi miale ya kwenda kuvikamata vitu, kama wengi wa kale walivyodhani. Vitu ndivyo vinavyotuma mwanga, nao huingia machoni. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, akaona madoa kadhaa ukutani, doa moja kwa kila taa. Akaiziba taa moja. Doa moja likazimika, mengine yakabaki. Ni jaribio ambalo mtoto yeyote wa Ngamiani angeweza kulifanya kwa vibatari vitatu. Kivuli cha mvumo hufunika walio mbali: kitabu chake kilitafsiriwa Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi, na katika Kilatini hicho hicho, chumba huitwa camera. Hilo ndilo jina la kamera. Ukimwambia mpigapicha ashike kamera yake, umemwambia ashike chumba chake. Na Waarabu, walipolitaka jina la kipande cha shairi, walichukua neno lao la nyumba, bayt, nasi tukalipokea, tukasema ubeti. Kwa hiyo shairi ni nyumba na kamera ni chumba. Sidhani hili ni jambo la kupita haraka. Mshororo wa mizani 16, umekatwa katikati 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho, milango miwili tu ya kutokea: huo ni ukuta, na dirisha lake limefungwa, limeachwa tundu. Wanaoona vina na mizani kuwa ni pingu wana hoja zao, na baadhi ya mashairi huru ninayapenda kwa dhati. Lakini nimekaa kwenye chumba kilichofungwa, nami najua kinachoingia.

Miaka ya ujana nilipata rafiki ambaye mjomba wake alikuwa na studio ya picha. Tulisema "kusafisha picha"; wengine, hasa Mombasa na Nairobi, husema kuosha. Neno zuri, kwa sababu linadai kwamba picha ilikuwepo tayari, imefunikwa na uchafu, na kazi ya fundi ni kuondoa kinachoizuia. Mjomba alituingiza katika chumba cha giza mara moja tu, kwa sharti la kutogusa kitu. Taa nyekundu ilifanya mikono yetu ionekane kama imetengenezwa kwa nta. Akaichukua karatasi nyeupe, akaitumbukiza kwenye trei, akaitikisa trei kidogo kidogo, upande huu na upande huu. Hakikutokea kitu. Kisha zilitokea nywele. Baada ya nywele nyusi, tundu za pua, mstari wa wanja, pindo la kanga. Giza lilitangulia kuja. Uso wenyewe, mashavu na paji, ambao ndio tuliokuwa tukiungoja, ulikuja mwisho, na nilipotazama vizuri nikagundua kwamba haukuja kabisa: ulikuwa ni karatasi ambayo dawa haikuigeuza. Mahali palipong'aa kuliko pote katika picha ile palikuwa mahali ambapo hapakutokea jambo. Mjomba alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba yule mwanamke wa kwenye trei angeweza kusikia, "Mkiona weupe, mjue ni sehemu niliyoiacha."

Nimebeba maneno hayo katika kila studio niliyoingia baadaye. Unguja, Mji Mkongwe, ipo habari ya Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, studio iliyodumu enzi za sultani na kuvuka Mapinduzi ya 1964. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyekuwa akiunganisha picha mbili au tatu zikawa moja, uso wa mtu ukachomoza ndani ya ua. Hawa wote walikuwa watu wa vyumba vya giza. Nikitazama picha za studio za pwani za zama hizo, maharusi wenye mikono iliyowekwa magotini kwa utaratibu, mabinti wenye mikufu, kaka wawili wamevaa suti zinazofanana, kinachonishika si nguo. Ni ile hewa ya kijivu kati ya mtu na pazia la nyuma. Fundi aliisogeza taa upande, akaacha nusu ya uso ipoe, na nusu hiyo iliyopoa ndiyo inayokufanya utake kujua mtu yule alikuwa nani.

Lamu yenyewe inanirudisha kwenye nyumba. Wageni hupiga picha milango. Ni milango mizuri, hakuna ubishi, lakini msemo wetu ulikwisha waonya: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, boriti za mikoko ndizo zilizopanga ukubwa wa vyumba, maana boriti haiwezi kuzidi urefu wa mti wake. Vyumba vikawa vyembamba na virefu, vimepangana kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwandani, yaani uani, ambapo jua huingia bila kikwazo. Unapotoka kiwandani ukaingia msana wa kwanza, yaani chumba cha kwanza cha namna hiyo, mwanga unapungua. Msana wa pili, unapungua tena. Ukifika ndani, chumba cha faragha, mwanga umekwisha kugonga kuta tano au sita za chokaa nyeupe na umekuwa laini kama maji yaliyotulia mtungini. Na hapo ndipo mafundi wa zamani walipoweka kazi yao bora: ukuta mzima wa zidaka, yaani vidaka, safu juu ya safu, vishimo vyenye matao vilivyofinyangwa kwa chokaa, kila kimoja na kivuli chake. Walivichonga mahali penye mwanga haba kuliko pote. Mjenzi wa kawaida angeviweka nje, vionekane. Wao walijua kwamba kwenye jua la utosi kidaka ni shimo tu. Kwenye utusitusi kidaka kinakuwa na kina, ukingo wake unashika mstari mwembamba wa nuru, na sahani ya kaure iliyowekwa ndani yake inang'aa kama mwezi wa siku tatu. Nimesimama mbele ya ukuta wa namna hiyo wakati wa alasiri, mtu wa nyumba akiwa amekaa kimya kwenye kizingiti akinipa nafasi, na nikahisi ninasomewa ubeti mmoja mmoja. Safu hizo zina mizani. Jicho linahesabu lenyewe.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizijua nyumba za aina hii. Katika Al-Inkishafi, anapoutazama utajiri wa Pate uliokwisha, anawasha kwanza taa za matajiri, taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku ufanane na mchana, kisha anazizima. Vidaka vilivyokuwa na kaure anavionyesha vikiwa viota vya ndege. Wasomaji wengi huuchukua utenzi huo kama waadhi juu ya dunia na ubatili wake, nao ni waadhi kweli. Mimi nausoma pia kama kazi ya mtu mwenye jicho la mchoraji. Angeweza kusema tu kwamba watu wale walikufa na mali yao ikapotea. Badala yake akatuingiza ndani ya nyumba, akatuonyesha kidaka kile kile mara mbili katika nuru mbili, na tofauti ya nuru ndiyo iliyobeba msiba wote. Fundi wa chokaa alimwachia mshairi kivuli tayari, naye akakitumia. Hivi ndivyo ninavyoamini msukumo hupita kutoka mkono hadi mkono: mchongaji hampi mshairi mada, humpa mahali ambapo nuru imekwisha kupungua kiasi cha kuonekana.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba Edward Saidi Tingatinga anaivunja hoja yangu. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akauza kazi zake Oysterbay karibu na Morogoro Stores, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu. Alitumia mbao za hadibodi na rangi za mafuta, zile zinazopakwa baiskeli na milango, zenye kung'aa. Wanyama wake hawana kivuli. Chui anasimama kwenye rangi moja tupu, hakuna ardhi chini yake wala saa ya siku juu yake. Nikasema: huyu ni mtu wa mchana mweupe, hana haja na chumba changu. Halafu siku moja nilikaa jioni kwenye sebule ya rafiki aliyetundika picha ya mtindo huo mkabala wa dirisha. Kadiri nuru ilivyopungua, niliona ubavuni mwa chui mraba mdogo wa buluu. Nikasogea. Lilikuwa dirisha. Rangi ile ya baiskeli ilikuwa imelishika dirisha zima la sebule, nondo zake na tawi la mwarobaini nje, ikalikunja juu ya madoa ya mnyama. Na niliposogea zaidi nikajiona na mimi nimo, mweusi, bila uso. Picha ile haikuwa na mwanga wake kwa sababu iliazima wa nyumba iliyoikaribisha. Asubuhi ni picha nyingine, usiku chini ya balbu ni nyingine. Siku hizi maduka mengi yamejaa machweo ya rangi ya machungwa yenye miti myeusi mbele, na simlaumu mchoraji anayetafuta riziki, lakini machweo yale hayajui ni saa ngapi. Chui asiye na kivuli anajua, maana anaambiwa na dirisha.

Kinyume chake yupo Sam Ntiro, mtoto wa Machame aliyesoma Makerere na kisha London, ambaye kazi yake moja ya 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika Museum of Modern Art, New York. Napenda kwamba alichagua usiku. Angeweza kuwachora mchana, mlima wenye theluji nyuma yao, na Wazungu wangefurahi zaidi. Usiku wa migombani si giza tu; anayeujua anaujua kwa harufu, kwa majani mapana yanayogusana, kwa sauti ya mtu anayetembea na mzigo asitake kuumwaga. Kuuchagua usiku huo ni kuamini kwamba mtazamaji ana subira.

Sinema nayo ilikuwa chumba cha giza, tena cha watu mia kadhaa. Nilipoingia jumba la sinema mara ya kwanza sikutazama filamu kwa dakika nyingi. Niligeuka nyuma. Kutoka kwenye tundu la ukuta wa juu palitoka nguzo ya mwanga, na moshi wa sigara za wakubwa ulijizungusha ndani yake kama tui. Nikamtafuta bibi kwa macho, nikidhani amekuja na chetezo.

Yapo mambo ambayo nisiposema nitakuwa nimeidanganya kumbukumbu yake. Tundu lile lile lililotuletea jua lilituletea mvua. Masika bibi aliweka sufuria mahali ambapo kiangazi lilikaa duara, na usiku tulisikia tone, tone, mpaka sufuria ikajaa naye akaamka kuimwaga, na magoti yalikuwa yakimuuma. Mtoto wake alipopata uwezo alileta mabati mapya na silingi bodi, chumba kikawa kikavu na cheupe, kikawekewa taa ndefu ya kuning'inia. Bibi alishukuru kwa machozi, na alikuwa na haki ya kushukuru. Madirisha yalitiwa vioo na fremu za alumini. Chumba sasa kina mwanga kila pembe na hakuna kona ambayo jicho linaweza kuingojea. Sina ninayemlaumu. Ninachosema ni kwamba kitu kiliondoka pamoja na mvua, hakuna aliyekihesabu, na wale tunaoandika, tunaochora na tunaopiga picha tunapaswa kukihesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi tuliyoichagua.

Septemba 1, 2016, jua lilipatwa. Kule Rujewa, Mbarali, watu walikusanyika kwa wingi kuliona limebaki pete. Mimi nilikuwa Tanga, ambako lililiwa sehemu tu, na nilikuwa nimekaa na bibi nje, chini ya mwembe. Hatukuwa na miwani ya kulitazama. Watoto wa jirani walikuwa wakipiga kelele, kuku wamechanganyikiwa, nuru imekuwa nyembamba na ya ajabu, kama ya mchana uliochujwa kwenye kitambaa. Bibi ndiye aliyetazama chini. Kivuli cha mwembe mchangani kilikuwa kimejaa hilali. Mamia ya hilali, zimelaliana, zote zimeelekea upande mmoja, zikitikisika majani yalipotikisika. Kila upenyo kati ya majani umekuwa tundu la msumari. Zilikuwa juu ya mkeka, juu ya miguu yake, juu ya kanga yake. Alinyoosha kiganja, zikaingia tatu. "Nilikwambia," akasema, "halibadiliki kwa ajili ya bati." Miaka yote ile alikuwa amelikumbuka swali langu.

Ewe msomaji, kama unayo nyumba yenye dirisha linaloelekea barabarani, lizibe siku moja ya jua, saa sita au saa nane mchana. Tumia mablanketi, tumia maboksi, hakikisha hakuna mwanya. Kisha toboa tundu moja, jembamba kama penseli, na utundike shuka jeupe mkabala wake, hatua mbili au tatu hivi. Zima simu. Mwanzoni hutaona kitu. Macho yanahitaji muda, yape dakika kumi. Mbingu itatokea chini na barabara itatokea juu. Watu watakuja wakipita.